Wanataka kujenga ghorofa sita nyuma ya nyumba yetu Kiponda. Tunapingaje?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Assalamu alaikum. Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, tumeachiwa na babu, na tunaishi humo mimi, mama na ndugu zangu. Nyuma yetu palikuwa na nyumba iliyoanguka zamani, limebaki gofu lenye mipapai na paka. Mwezi uliopita pamezungushiwa mabati. Fundi mmoja anayefanya kazi hapo ametwambia inakuja hoteli ya ghorofa sita, ya zege, yenye bwawa la kuogelea juu. Sheha anasema hana taarifa. Ukuta wetu wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa pamoja na nyumba ile. Mama anasema tusijitie kwenye maneno na wakubwa. Je, tunayo haki ya kupinga? Na tuanzie wapi?"

Dada yangu, waalaikumu salamu.

Haki mnayo. Wakati pia mnao, ila si mwingi, kwa sababu jengo hupingika likiwa bado karatasi. Zege likishamwagwa maneno hubadilika: haulizwi tena mtu kama lijengwe au lisijengwe, hujadiliwa namna ya kupunguza madhara yake. Tuliliona hilo Shangani. Kando ya Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19, palijengwa hoteli yenye jengo jipya kubwa lililoelekea bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo hilo, na ikafika hadi kuzungumzia kuuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015 na ipo mpaka leo. Malalamiko yalikuwa na nguvu, lakini yaliyo mengi yalifika kuta zikiwa zimeshasimama.

Kwa hiyo anzeni wiki hii, na muanze kwa kuuliza. Neno la fundi msilijengee hoja. Ghorofa sita zinaweza kuwa nne, zinaweza kuwa saba. Mkipeleka barua kali dhidi ya ghorofa sita, kisha michoro ikaonesha nne, mtaonekana watu wa uvumi, na barua yenu ya pili haitasomwa kwa makini. Ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe hakuna mtu, awe mwekezaji au mrithi kama nyinyi, anayeruhusiwa kujenga, kubomoa au kubadilisha sura ya jengo bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Chombo hicho kiliundwa mwaka 1985, kikapata sheria yake mwaka 1994, na sasa kinaongozwa na Sheria Namba 4 ya mwaka 2010. Waandikieni wao. Waulizeni kama kiwanja kile kimeombewa kibali na kama kimeshapewa. Jengo lina urefu wa mita ngapi na zimepimwa kutoka usawa gani. Msingi wake ni wa aina gani na unakwenda chini kiasi gani. Na kama imefanywa tathmini ya athari kwa urithi. Ombeni pia kuiona michoro kwa macho yenu. Barua iwe ya ukurasa mmoja, nakala mbili, na ya kwenu irudi nyumbani na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila ya muhuri huo, kesho mtaambiwa hamkuandika.

Sheha naye mpeni nakala. Amesema hana taarifa, basi siku mtakayompa nakala taarifa atakuwa nayo.

Sasa nije kwenye ukuta wenu. Umeutaja kwa sentensi moja tu, na kwangu mimi ndio moyo wa jambo zima.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi. Ghorofa zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi, na madirisha yamepangana kwa nafasi ile ile mtaa mzima. Mpimaji wa sura ya mji huu, tangu mwanzo, amekuwa ni mti wa mkoko. Na nyumba hizi hazisimami peke yao. Zinaegemeana. Ukuta wa pamoja unabeba boriti za pande mbili, kila upande ukiushika mwenzake. Nyumba moja ikianguka, ukuta uliozoea kuwa wa ndani unageuka wa nje kwa siku moja: hauna plasta ya kuukinga na mvua, umejaa matundu ya boriti, na umepoteza mkono uliokuwa ukiushika. Ukuta wenu umeishi hali hiyo kwa miaka.

Mbele ya ukuta kama huo wanataka kuchimba msingi wa jengo la zege. Kuchimba chini ya usawa wa msingi wenu kunaweza kuuacha ukuta hauna pa kukanyaga. Kuvuta maji ya chini ya ardhi ili shimo likauke kunaweza kuufanya udongo ulio chini ya nyumba za jirani ushuke. Mitambo ya kushindilia inatikisa chokaa iliyokwisha choka. Kisha mtu huja na ukarimu wa kuwapakia saruji upande wa nyuma "ili uwe imara". Msikubali. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi hubaki ndani ya ukuta na kuula polepole, na mnakuja kushtuka plasta ikibanduka na vipande vya mawe. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa.

Hoja hii ya ukuta ni bora kuliko hoja nyengine yoyote mtakayoitoa, kwa sababu haihitaji mtu aipende historia. Ni mali yenu na ni roho za watu wanaolala ndani. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020 Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa kwenye matengenezo, linatazamwa na dunia nzima. Hakuna mkubwa Unguja leo atakayesema mbele ya watu kwamba ukuta wa kale unaweza kutikiswa tu bila ya hesabu.

Fanyeni hivi. Ingieni chumba kwa chumba, upigeni picha kila ufa na tarehe yake, na kando yake mshike rula au tepu ili ukubwa uonekane. Kwenye nyufa kubwa bandikeni kipande chembamba cha kioo, kishikwe pande zote mbili za ufa. Ufa ukitembea, kioo kitakatika. Mtafuteni mhandisi anayezijua nyumba za mawe na chokaa (si kila mhandisi anazijua) aandike ripoti fupi ya hali ya nyumba. Kisha mdai kwa maandishi kwamba kabla ya jembe la kwanza, pande mbili ziukague ukuta pamoja na kutia saini. Mwenye nia njema hatakataa, maana ripoti hiyo inamlinda na yeye.

Ukuta huo huo unakupeni na ushahidi wa pili, ambao watu wengi hawaujui. Yatazameni yale matundu ya boriti upande wa gofu. Kila mstari wa matundu ni ghorofa moja ya nyumba iliyoanguka. Yahesabuni. Pimeni kutoka chini hadi mstari wa juu kabisa, na mtafute alama ya pale paa lake lilipokutana na ukuta wenu. Hapo mtakuwa na urefu wa nyumba ya asili kwa mita, umeandikwa kwenye jiwe. Kama matundu yanaonesha nyumba ya ghorofa mbili juu ya chini, na michoro inasema sita, hamhitaji maneno makubwa. Picha moja yenye tepu ndani yake inatosha.

Nasema haya kwa uchungu wa kilichonipata. Miaka mingi nyuma nilisaidia familia moja kuandika pingamizi. Tukajaza kurasa saba za historia, kuanzia Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja hadi biashara ya karafuu, kila neno la kweli. Upande wa pili walileta mchoro mmoja wenye vipimo. Waliokuwa wakiamua walikuwa na kipimo kimoja tu mezani, na hakikuwa chetu. Tangu siku ile sijaandika pingamizi bila ya tepu.

Historia ina nafasi yake, lakini muielekeze pahala panapohusika. Mtaambiwa: "Kiponda si Forodhani. Hapo hapana kasri, hapana ngome, ni gofu tu." Jibu lake mnalo. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kilichosifiwa ni mji wenyewe, mfano wa mji wa biashara wa Waswahili wa pwani ambao mitaa yake na sura yake kwa ujumla zimebaki karibu zilivyokuwa. Eneo lililohifadhiwa ni hekta 96, na limezungukwa na ukanda wa kinga wa takriban hekta 85. Ndani yake mna zaidi ya majengo 1,700, na mengi ni nyumba za kawaida kama yenu. Mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994, uliotayarishwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, uliitazama mitaa nzima pamoja na vichochoro, vibaraza na viwanja vitupu. Kiponda ndiyo kilichoorodheshwa. Kasri bila ya mtaa lingekuwa ukumbusho tu.

Baada ya hapo ongezeni vitu vinavyoonekana. Upana wa kichochoro chenu ni mita ngapi, na jengo la urefu ule litakiachia mwanga saa ngapi? Upepo wa kaskazi na kusi unaingilia wapi? Kutoka barabarani, juu ya mapaa ya jirani, litachomoza kiasi gani? Chukueni picha ya mtaa kutoka pembe tatu na mchore kwa kalamu mstari wa urefu unaoombwa. Mkioneshwa michoro yenye mlango wa kuchonga na matao, msihadaike. Mlango mzuri hauwezi kuufidia mwili wa jengo uliozidi mtaa.

Lipo jambo moja wanaopinga huona haya kulisema, nalo ni sitara. Bwawa la juu ya paa litatazama uani mwenu. Lisemeni bila ya woga, kwa sababu ni historia ya ujenzi wa mji huu. Nyumba zetu zimeelekea ndani: chini hapana madirisha makubwa ya mtaani, mgeni hukaa barazani au kwenye sebule ya mbele, na uani na juu ni kwa watu wa nyumbani. Sitara ndiyo iliyochora ramani za nyumba hizi. Jengo linaloivunja linagongana na kanuni iliyoujenga mtaa, na hoja hiyo inastahili kifungu chake katika barua.

Yapo ya kuacha. Msiseme mtapoteza uoni wa bahari kutoka paani kwenu, maana mtaonekana mnatetea starehe. Msiseme hamtaki wageni. Mji huu umejengwa na wageni, kutoka Hadhramaut, Gujarat, Oman na Ngazija. Na msimtaje mwekezaji kwa ubaya wowote msiouweza kuuthibitisha.

Kabla ya kupeleka barua, jitazameni na nyinyi. Kama juzi juzi mmeweka madirisha ya alumini upande wa mtaani, au mmeongeza chumba cha matofali paani bila ya kibali, litakuja mezani siku ya kwanza. Lirekebisheni, au angalau muwe tayari kulikiri. Nimeona pingamizi zuri likizama kwa sababu ya banda la bati la mwenye kupinga.

Barua ya pingamizi yenyewe nayo ipelekeni kwa Mamlaka, kwa maana wao ndio wenye kibali na ndio wenye uwezo wa kusimamisha kazi inayokwenda kinyume na kibali hicho. Nakala iende Baraza la Manispaa, na nyengine kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, inayosimamia tathmini za athari za kimazingira chini ya Sheria Namba 3 ya mwaka 2015. Mradi ukihitaji tathmini hiyo, wakaazi wa jirani ni watu wa kusikilizwa, na mkialikwa kikaoni nendeni na picha zenu. Chunguzeni pia kiwanja ni cha nani. Mali nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na nyengine ziliingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Kikiwa cha wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana lazima ipate nakala, na masharti ya mwenye kuweka wakfu yanaweza kuwa na neno lake.

Kuandikia UNESCO kunafaa, ila jueni kunafanya kazi gani. Miongozo ya Mkataba wa Urithi wa Dunia inaitaka nchi iiarifu Kamati juu ya ujenzi mkubwa unaoweza kugusa thamani ya eneo, na iiarifu mapema, kabla ya uamuzi usiorudi nyuma. Taarifa ikifika Paris, kwenye makao makuu ya UNESCO, kutoka kwa mtu mwengine, wao huiuliza nchi, yaani Tanzania, itoe maelezo. Hawana askari wala tingatinga, na mambo yao huenda taratibu. Nguvu yao ni hadhi: Dresden ya Ujerumani ilifutwa kwenye orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool ya Uingereza mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa ufukweni. Kwa Unguja inayoishi kwa utalii hilo si jambo dogo. Lakini tangulizeni ofisi za hapa, muwape nafasi ya kujibu, kisha barua ya nje iende na nakala za barua zenye muhuri. Mkiruka hatua hiyo, maofisa ambao wangeweza kuwa upande wenu mtawafanya wapinzani.

Mahkama ni ya mwisho, na ni ya haraka pale tu ukuta unapokuwa hatarini. Mkiona wamechimba bila ya kuonesha kibali, muoneni wakili siku ile ile kuhusu amri ya zuio. Kama uwezo ni mdogo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwasaidia watu tangu mwaka 1992.

Nina neno pia juu ya gofu. Tafadhali msiombe libaki gofu. Kiwanja kitupu ni jeraha la mtaa, na kwa ukuta wenu ni hatari vile vile, kwa vile kila masika inayopita inaula. Ombeni pajengwe. Ombeni nyumba yenye urefu ule ule wa matundu ya boriti, msingi usiochimba chini ya wenu, ukuta wenu utibiwe kwa chokaa kwa gharama ya mradi, madirisha yasielekee uani mwenu, na hilo bwawa liondoke paani. Barua inayosema "hatutaki" ni rahisi kuiweka kando. Inayosema "jengeni hivi, vipimo hivi hapa" inamlazimisha anayeisoma aeleze kwa nini vipimo vyenu havifai. Na mwekezaji mwenye akili anajua wageni wake wanakuja kuangalia mtaa wa Kiponda, hawaji kuangalia zege lake.

Kuhusu mama, hofu yake naiheshimu. Ameishi miaka ambayo kusema kulikuwa na gharama yake. Basi msiende peke yenu. Zungukeni kwa majirani, mkianza na wale ambao kuta zao zinagusana na gofu, barua itiwe saini na nyumba tano au sita, na iandikwe kwa adabu anayoijua mama. Tena muombeni yeye awasimulie ile nyumba iliyoanguka: ilikuwa na dari ngapi, nani alikaa juu, roshani ilielekea wapi. Andikeni maneno yake, jina lake na tarehe. Akisema dari mbili na ukuta nao ukaonesha mistari miwili ya matundu, mtakuwa na mashahidi wawili wanaokubaliana.

Na picha ya ukuta ipigeni kesho asubuhi, kutoka dirisha la juu au paani kwenu. Kazi ya kwanza ya fundi akiingia humo huwa ni kuziba matundu.